Hakuna Zawadi kwa Anayefika wa Kwanza

Juzi shemeji yangu alituma picha ya dashibodi kwenye kundi la familia, na chini yake akaandika kwamba wametoka saa kumi alfajiri, hawakusimama popote, na kabla ya saa tano walikuwa wameshafika. Pongezi zikamiminika. Dereva huyo! Hongera, kaka! Jioni nikampigia dada kumpa pole ya safari, naye akanisimulia upande wa pili: mdogo alitapika mara mbili, na yule wa kati, baada ya kuambiwa "vumilia, tunakaribia" mpaka machozi yakamtoka, alikojoa kwenye chupa ya maji huku gari likikimbia.

Hilo la chupa limenikera kuliko nilivyodhani. Mtoto amebana miguu, ameng'ang'ania mlango, anaomba kitu ambacho mtu mzima yeyote angepewa bila maswali, na jibu ni kwamba baba anawahi. Anawahi wapi? Wamekwenda kupumzika! Hakuna mtu aliyekuwa akiwasubiri na saa mkononi.

Tupige hesabu basi. Kilomita 300 kwa mwendo wa 100 kwa saa ni saa tatu. Kaza mpaka 120, utatumia saa mbili na nusu. Umeokoa nusu saa, tena ikiwa barabara ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, hakuna lori mbele, hakuna mji wa kupita. Kwa nusu saa hiyo, nishati ya gari wakati wa mgongano imepanda kwa asilimia 44, maana inakua kwa mraba wa mwendo. Nusu saa hiyo hiyo ingetosha kusimama mara mbili, kila mara robo saa, watu wote wakachimba dawa, wakanyoosha miguu, dereva akanawa uso. Ushauri wa kusimama kila baada ya saa mbili haukutungwa na watu wavivu.

Na hiyo saa kumi alfajiri inayosifiwa nayo ina maneno. Usiku wa kuamkia safari ndio usiku wa kufungasha. Nguo zinapigwa pasi, buti linapakiwa na kupakuliwa, mtu anafika kitandani saa sita na kengele inalia saa tisa. Watafiti waliwahi kupima: aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakukataza kushika usukani. Usingizi wa sekunde nne tu, ule ambao kichwa kinaanguka na kuinuka, kwa mwendo wa 100 ni zaidi ya mita 110 ambazo gari limekwenda peke yake, na wanao wako nyuma. Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakuondoi usingizi. Kinachouondoa ni kulala, au kumwachia mwingine usukani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, limesema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio abiria wetu wa kiti cha nyuma.

Mkanda sitaujadili. Kila mtu, kila kiti, na mtoto mdogo kwenye kiti chake, si mapajani.

Kuhusu kutapika, watu wanamlaumu mtoto kana kwamba ana tabia mbaya. Macho yake yako kwenye simu mliyompa atulie, kitu ambacho hakisogei, huku sikio la ndani likihisi kila kona na kila tuta. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linaloumia. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Mnyang'anye simu, mwambie aangalie mbali mbele, mpe hewa. Hali ikizidi, simama! Dakika kumi ardhini, uso unarudi rangi yake.

Wanaoona kusimama ni udhaifu, nawakumbusha safari ya kwanza ndefu ya gari katika historia. Agosti 1888 Bertha Benz aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim kumwona mama yake, zaidi ya kilomita 100, bila kumuaga mumewe Karl aliyelitengeneza gari lenyewe. Alisimama Wiesloch kununua mafuta kwenye duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika akamtafuta fundi viatu azivishe ngozi. Walifika jioni, wakiwa salama. Muda waliotumia ni wachache wanaoujua. Visa vya kusimama kwao vinasimuliwa hadi leo.

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila mahali pa kusimama. Kuna vipande vya barabara ambavyo huwezi kushusha watoto, hasa giza likishaingia, na kuna siku mvua inakufukuza. Basi vituo vipangwe kabla ya kuondoka, kama mnavyopanga mafuta na upepo wa tairi, na watoto waambiwe: tutasimama hapa, halafu pale. Mtoto anayejua kituo kinachofuata hulalamika kidogo sana.

Na kama mna siku mbili tu, kwa nini muende kwa saa saba na kurudi kwa saa saba? Tafuteni mahali pa saa mbili. Nimemwambia shemeji tutakwenda pamoja mara ijayo, magari mawili, tunaondoka watu wakishalala vya kutosha, na yule mtoto wa kati ndiye atakayechagua tusimame wapi.