Ng'ombe Watano wa Mjomba

Kosa langu mimi lilikuwa kumfundisha Bibi vitufe. Mengine yote ni ya Mjomba, na nitayasema.

Nilikuwa na kamera ya mtumba, zile nyeusi kubwa zenye kioo cha inchi 3 mgongoni. Niliinunua soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa pesa ya viazi, nikawa napiga picha za kipaimara, mahafali na vikao vya familia. Mwenye kamera ya namna hiyo anajua: watu hawasubiri picha zisafishwe. Ukipiga tu, vichwa sita vinaingia chini ya kidevu chako. "Hebu nione." "Mimi nimefumba macho?" "Futa hiyo, tumbo limetoka." Basi nikazoea kuzionyesha, tena kwa madaha. Nabonyeza kitufe chenye pembetatu, picha inatokea. Nazungusha gurudumu, inakuja nyingine. Nabonyeza cha kukuza, jicho la mtu linajaa kioo kizima, watu wanasema "eee!" Mtu hunenepa kwa "eee" za namna hiyo.

Mwezi wa nne kaka yangu akawa anapeleka mahari kwa binti wa Rungwe, vijiji vya juu ya Tukuyu. Wakwe hawakuwa wagumu. Blanketi la bibi walikubali kwa pesa, koti la babu kwa pesa, jembe kwa pesa. Ila bibi mzaa baba wa binti alituma neno kwamba ng'ombe ni ng'ombe. Watano. Hataki pesa ya ng'ombe, anataka wenye kwato.

Aliyebeba jukumu hilo ni Mjomba. Na Mjomba alikuwa na ng'ombe mmoja, pale Igawilo. Wanne waliobaki walikuwa bado ni mpunga, tena mpunga wenyewe ungali shambani kule Mbarali. Ulikuwa wa kuvunwa mwezi wa sita, uuzwe, ndipo ugeuke ng'ombe.

"Wapo," alituambia Mjomba. "Ila wenyewe hawajajijua."

Siku mbili kabla ya safari akaniita zizini asubuhi, akanituma niende na kamera. Mpango wake ulikuwa rahisi. Tungesema mvua imeharibu njia, lori lisingepanda na mifugo kwenye utelezi, lakini ng'ombe hawa hapa, waangalieni kwa macho. Nikamuuliza hao wengine wako wapi niwapige. Akanionyesha yuleyule mmoja.

Niseme ukweli, yule ng'ombe alikuwa na kipaji. Ubavu wa kushoto alikuwa mweusi mwenye baka jeupe refu, limesimama kama Ziwa Nyasa kwenye ramani. Ubavu wa kulia alikuwa mweusi tii. Ukimpiga kushoto ni ng'ombe mmoja, ukimpiga kulia ni mwingine kabisa. Wa tatu tulimpiga kwa mbele, anatutazama kama anayedai kodi. Kwa wa nne Mjomba alichota ndoo ya tope jekundu, akampaka mgongo na mbavu, tukasubiri likauke, akawa ng'ombe wa kahawia. Wa tano tulimpiga kwa nyuma, amegeuza shingo kidogo kuangalia kama tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza: Mjomba alianza kumwosha ng'ombe haraka, mke wake asije akaona, ng'ombe akarusha teke, ndoo ikamvaa Mjomba kichwani. Nami, kwa kuwa kidole cha mpiga picha hakina adabu, nikapiga mbili za hapo.

Zile tano niliziwekea alama ya ufunguo. Kamera ina hiyo kazi: picha ukiifunga, haifutiki kwa kubahatisha kitufe. Mjomba alifurahi sana kusikia hivyo. "Vizuri," alisema. "Ng'ombe wakishafungwa, mtu analala."

Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, na tangu Isongole tulikuwa ndani ya ukungu. Pale Kiwira mvua ikaanza, na mvua ya Rungwe ikianza haina haraka ya kurudi kwao. Mjomba akawa anaitazama dirishani kwa upendo. "Mnaona?" alisema. "Mungu mwenyewe anatutetea."

Tulipokewa vizuri. Salamu za Kinyakyusa, ugonile huku, ndaga kule, ndizi na maharage, chai ya moto. Sebule ilijaa wazee wa pande zote mbili. Mshenga wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mnyoofu ambaye hatukumweleza habari za tope. Akasimama, akasema maneno matamu kuhusu ua tuliloliona bustanini, akafika kwenye ng'ombe. Wapo, alisema, wana afya, njia ndiyo mbovu. Lakini siku hizi kuna teknolojia. Akaninyooshea mkono.

Nikapita na kamera kwa wazee, mmoja mmoja, nikiishika mwenyewe. Walitazama, wakaguna, wakarudi kwenye chai yao. Kazi ilikuwa imekwisha. Kamera ilipofika kwa Bibi, yeye hakutazama. Alinyoosha mikono yote miwili, akaipokea kama anayepokea mtoto mchanga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hii inaendeshwaje?"

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba Bibi huyu, enzi zake, alikuwa karani wa mizani. Kwa miaka mingi alipima majani mabichi ya chai ya wakulima, na kazi yake hasa ilikuwa kumjua aliyemwagia majani maji ili yawe mazito na aliyeficha jiwe chini ya kikapu. Mimi nikaona bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikachuchumaa pembeni ya kiti chake, nikaanza kufundisha.

"Hapa unazungusha, inakuja nyingine. Hapa unakuza. Hapa unapunguza."

Akakuza ng'ombe wa kwanza mpaka pua ikajaa kioo. "Ana mafua huyu," alisema. Akasogeza polepole mpaka sikioni, akakaa hapo. Akaenda wa pili, sikioni. Wa tatu, sikioni. Nilidhani ni ugeni wa mashine tu.

"Na hiki kitufe?"

"Hicho, Bibi, kinaleta maelezo ya picha." Nikakibonyeza mwenyewe. Mtu mzima, mwenye akili zake.

Kioo kikagawanyika: picha ndogo upande mmoja, upande wa pili namba, na chini yake ule mchoro wa mwanga uliokaa kama kilima.

"Huu ni Mlima Rungwe?"

"Hapana Bibi, huo ni mwanga. Kushoto ni sehemu zenye giza, kulia zenye mwangaza. Kilima kikiegemea kushoto, ujue picha ina giza."

"Na hizi namba?"

"Tarehe na saa picha ilipopigwa," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika sebule nzima.

Bibi akashusha miwani kidogo. "Wa kwanza saa nne na dakika 14. Wa pili saa nne na dakika 15. Wa tatu dakika 16." Akamgeukia Mjomba. "Mnapiga picha kwa kasi, baba."

"Wako zizi moja, Bibi," Mjomba akajibu.

"Na huyu wa nne, saa nne na dakika 52?"

Sebule ikanyamaza. Mvua tu juu ya bati.

"Huyo," alisema Mjomba, "alikuwa anachelewa kuamka."

Wazee wakacheka, Mjomba akacheka kuwazidi. Bibi akazungusha gurudumu akafika kwa wa tano, akamtazama yule ng'ombe wa nyuma, na kidole chake kikawa bado kipo juu ya gurudumu. Picha ya sita, kama mnakumbuka, ni Mjomba na ndoo kichwani. Nikainyakua kamera kwa heshima zote. "Samahani Bibi, betri inaonyesha imepungua, ngoja niiangalie." Nikatoka mlango wa nyuma.

Nilisimama chini ya upenu, migomba inamwagika maji mbele yangu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nia yangu ilikuwa kufuta picha mbili tu. Kabla sijaifikia ya kwanza Mjomba akatokea nyuma yangu, ananong'ona kwa sauti inayofika Kyela: "Futa! Futa zote! Tutasema imeharibika!" Nami, sijui ni uoga au ni malezi mema ya kutowabishia wakubwa, nikaingia kwenye menyu, nikachagua "zote", nikakubali.

Kamera ikawaza kidogo. Taa nyekundu ikapepesa. Halafu ikafanya sawasawa na nilivyoiagiza tangu Igawilo: ilifuta kila kitu isipokuwa kilichofungwa kwa ufunguo. Zikaondoka picha mbili za ndoo. Zikaondoka pia picha 212 za kipaimara cha Jumamosi iliyopita, ambazo nilishalipwa nusu na nusu nilishakula. Wakabaki ng'ombe watano, wanang'aa.

"Zimeisha?" Mjomba akauliza.

"Zimeisha zote, isipokuwa ng'ombe."

Sitaandika alichosema.

Tulirudi ndani kwa sababu hakukuwa na kwingine kwa kwenda, na Bibi alishanyoosha mikono. Mara hii hakuhitaji mwalimu. Akazungusha gurudumu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, halafu wa kwanza tena. Kamera ndivyo ilivyo, ukifika mwisho inakurudisha mwanzo. "Wanazunguka," alisema. Akabonyeza cha kupunguza, zikatokea picha 4 pamoja. Akabonyeza tena, kioo kikajigawa vyumba 9, ng'ombe wote watano wamejipanga kama abiria kwenye Coaster, vyumba vinne vitupu. Hilo la vyumba 9 sikumfundisha. Naapa.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwalimu," alimwita mshenga, "njoo uhesabu masikio."

Mshenga maskini akasogea, akainama. Bibi akamwonyesha mmoja mmoja. Sikio la kulia la wa kwanza limechanika ncha. La wa pili, la kulia, limechanika ncha. Wa tatu hivyohivyo. Wa nne kajaa udongo, lakini udongo haushoni sikio. Na wa tano, aliyegeuza shingo kutuangalia, alikuwa amegeukia kulia.

Mwalimu alisimama wima taratibu. Alimtazama Mjomba kwa jicho ambalo nadhani limefelisha watoto wengi.

Bibi hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Ng'ombe huyu nimempenda," alisema. "Mleteni. Mmemhesabu mara tano, mimi nitamhesabu mara moja. Wanne waliobaki mtaniambia ni lini, lakini mniambie kwa mdomo." Hapo ndipo Mjomba akaeleza habari ya mpunga wa Mbarali kuanzia kitalu, na cha ajabu wakamwelewa. Wakulima ni wakulima. Ila faini ikapigwa palepale: mbuzi mmoja kwa Mjomba, kreti mbili za soda kwa mpiga picha.

Tukiwa tunaaga, Bibi akataka apigwe picha na wajukuu zake. Sasa kuna jambo nililokuwa nimelisikia kwa mafundi: picha ikifutwa haiondoki mara moja kwenye kadi. Kinachofutwa ni anuani yake, ile nafasi inaandikwa kuwa iko wazi, na picha inabaki imelala pale mpaka nyingine ije kuandikwa juu yake. Kwa hiyo ukifuta kwa bahati mbaya, usipige tena hata moja. Lakini nani angemweleza Bibi hayo, siku ile, kwa hali yetu ile? Nikafikiria kutoa kadi nipige hewa. Kisha nikakumbuka kwamba anajua kitufe chenye pembetatu.

Nikapiga moja tu. Akaniita, akaipokea kamera, akaikuza picha yake mpaka sikioni.

"Langu zima," alisema, akanirudishia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kwa fundi mmoja Mwanjelwa. Alichomeka kadi kwenye kompyuta, akawasha programu yake, tukasubiri karibu saa mbili. Picha zikaanza kufufuka, majina yote yamepotea, zimebaki namba. Kati ya zile 212 zilirudi 210. Moja haikuonekana kabisa, na nyingine ilirudi nusu: juu mchungaji amenyoosha mkono wa baraka, chini kijivu kitupu, mtoto anayebarikiwa hayupo. Nilimwambia mama yake kwamba mwanga wa kanisani ulikuwa mgumu. Na Mjomba mwenye ndoo alirudi mzima, tena katika zote mbili. Fundi alicheka mpaka akaniomba nakala.

Mpunga ulivunwa, Mjomba akatimiza. Mwezi wa saba lori lilipanda Rungwe na ng'ombe watano wa kweli, na mimi nilikuwemo kwa amri maalumu: Bibi alitaka picha moja, wote watano ndani yake, masikio yaonekane. Ilituchukua saa nzima. Kila wanne wakitazama mbele, mmoja anainamia majani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kila nikipiga ananyoosha mikono, anakagua, anatikisa kichwa, ananirudishia.

Wa sikio lililochanika alikuwa wa kwanza kushuka kwenye lori siku hiyo. Yupo hadi leo, ameshazaa ndama wawili, na pale nyumbani kwa wakwe kila mtu, hata watoto wadogo, humwita Tano.