Kwaheri Isiyoisha

Hivi mtu akisema anastaafu, si astaafu tu? Mwanamuziki anafanya ziara ya kuaga, tunalia, tunanunua tiketi kwa bei ya kuumiza, kidogo tu huyo tena jukwaani, eti mashabiki wamemwomba. Mashabiki gani? Mimi sikuomba!

Mabondia ndio wananiuma zaidi. Muhammad Ali alirudi ulingoni mwaka 1980 akiwa na miaka 38, Larry Holmes akamtwanga raundi 10 mpaka wasaidizi wake wa kona wakasalimu amri. Bado 1981 akapanda tena, akapigwa na Trevor Berbick. Lakini dereva Nico Rosberg yeye alitwaa ubingwa wa mbio za magari za Formula 1 mwaka 2016, siku 5 baadaye akaaga, basi.

Wanasiasa? Hao hata kuaga hawaagi.