Mwenye shamba na mshamba

"Acha ushamba" huambiwa anayepiga picha sahani ya chakula kabla ya kula, anayeongea na simu kwa kelele ndani ya daladala, hata mzaliwa wa Kariakoo asiyewahi kushika jembe. Ndiyo maana wapo wanaolitetea neno hili. Wanasema limeshaachana na shamba, sasa ni kutojua mambo tu. Hoja yao ina uzito, maana maneno huhama: anayesema "ustaarabu" leo hamfikirii Mwarabu, ingawa asili yake ni huko.

Ila shamba lina historia yake. Huko Zanzibar katika karne ya 19, Seyyid Said alipohamishia makao yake kisiwani kutoka Maskati na mikarafuu ikaenea, matajiri walimiliki mashamba huku nyumba zao zikiwa mjini. Waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa na watu wa vijijini. Ardhi ile ile ikampa bwana heshima, na jina la shamba likawa aibu ya anayeilima. Hilo ndilo linaloniuma kila nilisikiapo neno hili. Hadi leo, ukinunua ekari 50 Morogoro na kumweka kijana akulimie, wewe ni mkulima, Nanenane unapita kwenye mabanda na watu wanakusalimu. Yeye akikuletea gunia la mahindi mjini, ni mshamba.

Na kutojua kwenyewe hupimwa upande mmoja. Wa kijijini akisita mbele ya ngazi ya umeme, anachekwa. Wa mjini akienda kupalilia akang'oa mpunga na kuacha magugu, hana jina la kuitwa. Anaelekezwa taratibu, kisha anapewa kigoda akae kivulini. Kwa sensa ya 2022 Tanzania ina watu milioni 61.7, na karibu 65 katika kila 100 wanaishi vijijini. Hao wote makwao pamefanywa tusi, na mtoto wao akija kusoma mjini huanza kwa kuificha lafudhi yake.

Tena Kiswahili hakikukosa neno la kukemea. Yule wa sahani ni limbukeni. Kulimbuka ni kuonja mavuno ya kwanza ya msimu, na limbukeni ni aliyepata kitu kwa mara ya kwanza kikamlevya. Hapo linalokemewa ni tendo lake, atoke Masaki au Namtumbo.