Nilikwenda Kuomba Msaada, Nikaamkiwa Shikamoo

Jaribio la kwanza la kalkulasi nilipata 61. Raha hiyo ilidumu sekunde nne hivi, mpaka jirani yangu aliponigeuzia karatasi. Nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu. Ilikuwa 19.

Msahihishaji alikuwa amezungushia wekundu mahali nilipoandika kwamba (a + b)² ni a² + b², akaongeza: "Jaribu 3 na 4." Nikajaribu. Upande mmoja 49, upande wa pili 25. Nikalaumu kikokotoo.

Wanahisabati Newton na Leibniz waligombana sana juu ya nani aliyeanza kuigundua hisabati hii. Kama ningekuwepo ningewasuluhisha mara moja: kila mmoja achukue nusu yake aende nayo nyumbani, sisi tupumzike. Lakini Leibniz alikwisha chapisha mwaka 1684, basi tena.

Wiki sita mhadhiri aliuliza, "Kuna swali?" na wiki sita nilitikisa kichwa kama mtu aliyeshiba. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimejifunika gubigubi. Maji yaliponifika shingoni ndipo nikakumbuka kile chumba ambacho mwanafunzi wa miaka ya juu huketi kila Jumatano kuwasaidia waliokwama. Nikaenda mapema, nisionwe na mtu. Nikachagua kiti cha ukutani, nyuma ya meza, kinachotazama mlango, ili akija ninayemjua niiname kama ninayefunga kamba za viatu.

Hakuna aliyeniambia kwamba kiti kile kina mwenyewe.

Akaingia jamaa mwenye ndevu nzito, ukimwona utadhani ni rika la mjomba wangu. Akasimama wima. "Shikamoo, mwalimu."

Mdomo haukuniuliza. "Marahaba," ukajibu.

Na ukishaitikia marahaba, kurudi nyuma hakuna. Utamwambiaje mtu mzima arudishe shikamoo yake?

Akafungua daftari: derivativu, yaani kasi ya kubadilika, ya sin(x²). Jasho jembamba likanitoka. Nikajiegemeza, nikakunja mikono, nikasema, "Wewe unaonaje?"

Akaanza kujieleza. Alisema ni kama kuvua nguo, koti kabla ya shati. Unaanza na ya nje, sin inakuwa cos, ya ndani huigusi. Kisha unazidisha kwa derivativu ya ile ya ndani, 2x. Hiyo 2x mimi nilikuwa naiacha tangu muhula uanze!

"Kumbe!" nikapiga kelele.

Akashtuka. "Kumbe nini, mwalimu?"

"Kumbe... unaelewa."

Akanishukuru hadi nikaona haya. Hakuondoka, alikaa pembeni aendelee kufaidi. Wakaja wawili wakigombania integresheni ya 2x, yaani kinyume cha derivativu, huyu anasema x², mwenzake anasema x² + C. Nikawaambia waendelee. Mwenye C akamshika mwenzake: chukua x² + 5, tafuta derivativu, ni 2x, chukua x² + 100, ni 2x vilevile. Sasa wewe utajuaje kama ilikuwa 5 au 100? Ndiyo maana unaiachia C nafasi yake. Nikajikuta naandika mbio.

"Mwalimu unaandika nini?"

"Maendeleo yenu."

Wa tatu alilia kwamba kikokotoo chake kinadai sin 30 ni -0.988. Hapo, jamani, nilikuwa nyumbani, maana ugonjwa huo ulinila alama nane. Nikakitoa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, nikakiweka kwenye nyuzi, nikabonyeza: 0.5. Chumba kikanong'ona. Foleni ikafika mlangoni.

Mwishoni mwa foleni alisimama dada mmoja mwembamba na mkoba begani, mpole, akingoja zamu yake. Ilipofika, nikamkaribisha kwa sauti nzito niliyokuwa nimeshaizoea. "Kaa, dada. Swali lako ni lipi?"

"Swali langu," akasema taratibu, "ni wewe nani, na kwa nini umekaa kwenye kiti changu."

Mwenye ndevu akainuka kunitetea. "Dada, mwache mwalimu, anafundisha vizuri sana!" Katika kunyoosha mkono akaligonga daftari langu, na ile karatasi ikateleza mezani ikamwelekea yeye. Akaisoma kutoka upande wake.

"61," akasema kwa huruma. "Hata walimu huteleza."

Dada akaigeuza.

Nikahamia viti vya mbele. Mwenye ndevu akanisogezea nafasi kimya kimya, akaweka daftari lake katikati yetu. Tangu Jumatano ile shikamoo ninaitoa mimi, naye huitikia kwa kuvuta kweli: "Marahabaaa."