Eti Isabel ndiye aliyewapa uhuru

Jumapili mpwa wangu kanijia na daftari lake. Historia ya Brazil, mistari minne: 1500 Cabral akafika, 1822 Pedro akatangaza uhuru, 1888 binti mfalme Isabel akawakomboa watumwa, 1889 jamhuri. Nikamuuliza, "Mtu mweusi yuko wapi hapa?" Akaweka kidole kwenye neno "watumwa".

Chai yangu ikapoa hivi hivi.

Karibu Waafrika milioni tano walishushwa Brazil, wengine wakitokea Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, pwani hii hii. Na wote hao walikaa tu mikono mapajani wakimngoja Isabel? Kule Palmares, maficho ya watumwa watoro, watu walijitawala karibu karne nzima, mpaka kiongozi wao Zumbi akauawa tarehe 20 Novemba 1695. Mwaka 1835, mjini Salvador, Waislamu weusi waliingia mitaani usiku mmoja wa Ramadhani, wengine na hirizi za maandishi ya Kiarabu mwilini. Walishindwa, ndiyo, lakini mabwana hawakulala tena usingizi wa raha. Na mwishoni kabisa watu wanatoroka mashamba ya kahawa ya São Paulo makundi kwa makundi, hadi maofisa wa jeshi wanaomba wasitumwe kuwasaka. Sasa Isabel alisaini nini? Risiti ya deni ambalo wenyewe walishaanza kujilipa.

Sheria za kabla yake ndizo kichekesho. Ya 1831 ilisema kila atakayeingizwa kutoka nje ni huru. Meli zikaendelea kushusha watu, ikabaki kuitwa sheria ya kumwonyesha Mwingereza, aliyekuwa akishinikiza biashara ya watumwa ikome. Ya 1885 ikawaachia huru waliotimiza miaka 60, kwa sharti wamtumikie bwana miaka mitatu mingine kama fidia. Huruma iliyoje!

Haya, nikiri: Isabel alisaini, na mwaka uliofuata kiti ambacho angekirithi kikapinduliwa. Wengine wasingethubutu. Lakini sheria yenyewe ina vifungu viwili tu: utumwa umekoma, na yote yanayopingana na hili yamefutwa. Shamba hakuna. Hata jembe.

Nilimweleza kijana yote haya, naye akaandika "Zumbi 1695" kwa penseli pembeni. Kisha akaniangalia. "Mjomba, nikijibu hivi kwenye mtihani nitapata?"

Nikamwambia aandike Isabel.