Pikapu Nzito na Kona za Malindi: Tuache Kukimbilia Boliti

Wenye pikapu nzito hapa Malindi, hasa wanaosomba mawe ya kujengea, maji na mahitaji ya hoteli, wana lalamiko moja: gari haligeuki. Ukiingia mitaa ya Shela, au ukitaka kugeuza karibu na soko wakati tuktuk zimejipanga pande zote mbili, unakata usukani hadi mwisho na bado boneti inauelekea ukuta, ikakubidi urudi nyuma, usogee mbele, kisha urudi tena huku honi zikikupigia. Dawa inayotolewa gereji ni kuiingiza ndani boliti inayozuia magurudumu yasipinde kupita kiasi, na mafundi wengine huikata kabisa. Mimi naona dawa hiyo inafaa iwe ya mwisho, kwa sababu pikapu nyingi zinazolalamikiwa hazikutoka kiwandani na ugumu wote zilio nao leo. Sehemu ya ugumu huo tumeinunua wenyewe, pamoja na matairi mapana na rimu zilizotokeza nje.

Tuanze na hesabu, kwani ndiyo inayoonyesha hasara iko wapi. Upana wa duara ambalo gari linaweza kulizunguka hutegemea mambo mawili makubwa: umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na kiasi ambacho magurudumu ya mbele yanaweza kupinda. Toyota Land Cruiser ya 79, ambayo huku pwani imekuwa punda wa kila kazi, ina umbali wa milimita 3,180 baina ya ekseli zake, na nusu ya duara lake ni kama mita 7.2, yaani duara zima hupita mita 14. Ukigawanya umbali huo kwa saini (sine ya hisabati) ya pembe ya gurudumu la nje, utaona kwamba gurudumu hilo hupinda takriban nyuzi 26 tu. Sasa punguza uzi mmoja, iwe 25: duara zima linapanuka kwa takriban nusu mita. Nusu mita ndiyo tofauti baina ya kupita mara moja na kurudi nyuma mbele za watu.

Kiwanda hakikuchagua pembe ndogo kwa uvivu. Pikapu ya aina hii ina ekseli ngumu mbele, na mwishoni mwa ekseli, kila upande, kuna jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku gurudumu lenyewe likiwa limepinda. Jointi hiyo ina mpaka wake, na kadiri inavyopinda ndivyo inavyodhoofika. Zaidi ya hapo, tairi linahitaji nafasi ya kuzungukia bila kugusa springi, chasisi wala mikono inayoishika ekseli. Nafasi ndiyo inayoamua mengi: Ford walipoacha springi za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, mbele ya pikapu zao kubwa za Super Duty zenye gia ya magurudumu manne mwaka 2005 na kuweka springi za koili, zile za kujisokota, magurudumu yalipata mahali pa kupindia na duara likapungua, ijapokuwa gari lilibaki na uzito wake. Toyota nao walikuwa wameweka koili mbele ya pikapu yao hiyo ya 79 tangu 1999. Kwa hiyo anayedhani kwamba wahandisi walilisahau jambo hili, wakamwachia fundi wa Malindi alikamilishe kwa grainda, amewadharau bila sababu.

Hapa ndipo nirudi kwenye matairi. Mwenye gari huona pikapu ya mwenzake imesimama kwa mbwembwe juu ya matairi mapana, naye anayataka. Tairi pana likiwekwa kwenye rimu ya asili husogea ndani na kugusa mkono wa ekseli usukani unapokatwa. Ili lisiguse, anawekewa spesa, kipande cha chuma cha kulisogeza gurudumu nje, au rimu inayolitoa nje, na sasa linapopinda linachora mzunguko mkubwa zaidi na kukwaruza matigadi. Baadaye fundi, kwa nia njema kabisa, anaitoa nje boliti ya kizuizi ili lisikwaruze tena. Kelele inaisha, mteja analipa na kwenda zake, na nyuzi mbili au tatu za usukani zimebaki gereji. Mwaka unaofuata anarudi akilalamika kwamba gari halikati kona.

Anayetaka gari lake ligeuke vizuri arudishe kwanza matairi na rimu za kipimo kilichoandikwa na kiwanda. Kisha boliti zikaguliwe upande wa kulia na wa kushoto, maana mara nyingi moja imetolewa zaidi ya mwenziwe. Ikiwa baada ya hapo bado kuna nafasi ya wazi, boliti inaweza kurudishwa ndani kidogo kidogo, hadi kipimo cha kiwanda na si zaidi, huku ekseli ikiwa imeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa imara, na fundi akizungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na kuangalia tairi, mpira wa breki na waya wa sensa kama ipo. Boliti ikikatwa, kizuizi kinachobaki ni ndani ya boksi la usukani au kwenye jointi yenyewe, na vyote viwili havikuumbwa kupokea kishindo hicho. Jointi iliyopindishwa kupita mpaka huvunjika hasa gari likiwa limekwama mchangani, gia ya magurudumu manne imeingia, na dereva anakanyaga mafuta huku usukani umekatwa wote.

Na kwa kuwa tumeitaja gia hiyo, wapo madereva wanaotoka kwenye mchanga wa barabara za mashambani na kuingia lami ya mjini bila kuitoa. Pikapu hizi hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye kona ekseli ya mbele na ya nyuma hushindana, usukani huwa mzito na duara hupanuka. Kuitoa hakugharimu hata shilingi.

Zipo njia za kihandisi zilizo bora kuliko zetu. Trekta huwa na pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili mkulima ashike la ndani na kugeuza pale pale alipo. Toyota walichukua wazo hilo hilo kwenye Land Cruiser 200, ambayo nje ya barabara inaweza kushika breki ya gurudumu la nyuma la ndani yenyewe. General Motors walifika mbali zaidi kati ya 2002 na 2005, wakauza pikapu ambazo magurudumu ya nyuma nayo yalipinda hadi nyuzi 12. Zilizunguka vizuri ajabu, lakini bei iliwakimbiza wanunuzi na mpango ukafa. Mtu akikuambia atakufungia breki za trekta kwenye pikapu inayokwenda Mombasa kwa kilomita 100 kwa saa, mwambie asante na uondoke.

Bodi nayo isisahaulike. Kuirefusha nyuma ili iingie mifuko zaidi hakubadilishi duara la magurudumu ya mbele, lakini mkia hutoka nje zaidi kwenye kona na ndio unaokwangua kuta za watu. Anayerefusha chasisi yenyewe basi amenunua kona mbaya kwa pesa zake, na hakuna boliti itakayomrudishia.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, pima. Tafuta uwanja mtupu na tambarare, lowesha tairi la mbele la nje kwa maji, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole mduara mzima, kisha pima kwa futi kamba upana wa alama iliyoachwa. Fanya hivyo kulia na kushoto. Namba zikitofautiana sana, tatizo lako huenda ni boliti zisizolingana, tai rodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) iliyopinda au usukani uliofungwa bila kuwekwa katikati. Zikilingana na kukaribia kipimo cha kiwanda, gari lako ni zima, na kama kazi yako yote iko ndani ya mitaa ya Shela, tafuta gari fupi zaidi.