Pesa ya motari ikae kijijini

Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), kuna hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Lakini mama aliyebakwa huko ndani Shabunda, wilaya ya mbali ya Kivu Kusini, ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na saa 120 za kumeza kidonge cha kuzuia mimba, ambacho kila akichelewa nguvu yake inapungua. Mvua ikikata barabara, muda huo unaishia njiani. Kwa hiyo nashikilia kwamba msaada wa kwanza kwa mama aliyebakwa, au anayepigwa na mumewe, uwe mikononi mwa wamama wa kijiji, tena uwe tayari kabla mtu hajaguswa.

Tuanze na pesa. Vikundi vya AVEC, yaani vya kuweka na kukopa vya kijiji, vina sanduku la kufuli tatu na mfuko wa dharura. Kasoro ni kanuni: pesa haitoki mpaka siku ya mkutano, mbele ya wote, kwa kutaja mwenye shida. Jioni hiyohiyo mume ameshajua! Afadhali wamama wawili wakae na kiasi kidogo nje ya sanduku, cha kutosha motari (pikipiki ya kukodi) kwenda na kurudi kwa watu wawili na chakula cha siku mbili. Kwenye daftari iandikwe "ugonjwa", basi. Wawe wawili, maana mmoja anaweza kuwa safarini, au akawa dada wa mume.

Nyumba ya kumpokea mama aliyekimbia isiwekwe kibao. Mazungumzo naye yafanyike kituo cha afya siku ya chanjo, ambapo hakuna anayemuuliza mama amefuata nini.

Wasindikizaji wajue jambo hili: aliyekabwa shingo anaweza asiwe na alama hata moja. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa maumivu, au kama alizimia, apelekwe kwa muuguzi usiku uleule, kwa sababu koo linaweza kuendelea kuvimba. Aliyebakwa asifue nguo. Zifungwe kwenye karatasi, kwani ndani ya plastiki unyevu unaharibu ushahidi.

Halafu kuna barza, yaani baraza la usuluhishi la kijiji. Chefu wa kijiji anapokea mbuzi, anaita hayo mapatano, na mama anarudishwa kwa yuleyule aliyemuumiza. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006, kulipa faini hakuzimi kesi ya ubakaji. Kwa kipigo cha mume, mara nyingi mama mwenyewe anaomba yaishie nyumbani, akiogopa deni la mahari na kuacha watoto. Asilazimishwe kushtaki. Aulizwe akiwa peke yake, mama mkwe asiwepo. Na akirudi kwa mumewe, pesa ya motari ibaki palepale, maana wengi wanatoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka kabisa.